Mafuru Alivyobaki na Injini

Asubuhi ile ng'ombe mmoja mwekundu aligoma kupanda melini. Tulimvuta kamba, tukamsukuma matako, tukambembeleza, wapi. Alisimama pale gatini Musoma kama amemwagiwa saruji miguuni, na mwenye ng'ombe, mzee mmoja wa Butiama, yuko pembeni anatutukana kwa Kizanaki kwamba tunamuumizia mali yake. Shemeji yangu Mafuru akatoka kwenye injini, mafuta mpaka kwenye nyusi, akamtazama yule ng'ombe, akasema, "Huyu ana akili kuliko sisi sote." Akavua fulana yake chafu, akamfunika nayo macho. Ng'ombe akaingia taratibu kama bibi harusi. Tulicheka mpaka nahodha akatufokea.

Najua watu wakija kuniuliza habari za vita wanataka nianze na mizinga. Mimi sina mizinga. Nina meli ya ng'ombe, shemeji yangu, na dada yangu. Nimeisimulia sana habari hii na nimechoka nayo, lakini mwezi uliopita tumemzika Mafuru kule Manyamanyama, Bunda, na wajukuu wake wamenibana niseme yote kabla na mimi sijaondoka. Haya basi. Sikilizeni mara hii moja, msinirudie tena.

Meli yenyewe ilikuwa bapa kama sinia, chuma kikuukuu, injini nyuma, na mbele tumbo kubwa ambamo ng'ombe walisimama. Katikati ya sitaha, yaani ile sakafu ya juu, palikuwa na tundu la mraba la kupitisha ndoo. Mmoja yuko chini anajaza ndoo mavi ya ng'ombe, mwingine yuko juu anavuta kamba na kumwaga ziwani. Tundu la mavi, ndivyo tulivyoliita, hatukuwa na jina lingine. Mafuru alilipenda. Chumba chake cha injini kilikuwa na njia mbili za kutokea. Ya kwanza ni ngazi iliyopanda mpaka mlango wa chuma, huku nyuma. Ya pili ni kimlango cha kuinama kilichoingia kwenye tumbo la ng'ombe. Yeye akiwa na haraka alipitaga kwa ng'ombe, akaibukia kwenye tundu la mavi, kichwa kwanza.

"Shemeji," nilimwambiaga, "dada yangu ataishije na mtu anayenuka hivi?"

"Alishanizoea," ananijibu. "Siku nikinukia sabuni ndiyo atauliza nilikuwa wapi."

Kengele ya kuongea na injini ilikufa kabla hata sijaajiriwa. Kwa hiyo nahodha wetu, Mzee Wambura, aliweka nyundo kwenye usukani, akawa anagonga bomba la chuma lililoshuka mpaka kwa Mafuru. Ukigonga moja, twende mbele. Ukigonga mbili, simama, kazi imekwisha. Tatu, rudi nyuma. Na palikuwa na sheria ambayo mzee hakuikubalia mchezo: kila ukigongewa, unajibu vile vile ulivyogongewa. Usipojibiwa, hujasikika, gonga tena. Wambura alikuwa mtu wa Butiama, kwao ni ng'ombe na mtama, na sisi wa rasini tuliozaliwa na kasia mkononi tulimtania kila siku kwamba Mzanaki na maji wapi na wapi. Alituacha tuseme. Ziwa alilijua.

Vita ilitufikia kwa redio kwanza. Majeshi ya jirani yamevuka mpaka, yameingia Kagera. Watu wakakusanyika kwenye redio za wenye redio, vijana wakaandikishwa, magari ya wenye magari yakachukuliwa. Halafu siku moja wakaja askari gatini na luteni wao, wakasema meli hii sasa ni ya jeshi, pamoja na sisi.

Luteni yule alikuwa mtu wa Pwani. Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona aibu kumjibu. Alikuwa kijana mpole, sitamsema vibaya, alitusalimia mmoja mmoja kwa jina kuanzia siku ya kwanza. Akatueleza kwamba kuna helikopta imevunjika mkia, inatakiwa ivushwe ng'ambo ya ziwa kwa mafundi wa jeshi. Na meli ya kuibeba ni yetu, kwa sababu ni bapa.

Sasa helikopta huwezi kuisimamisha juu ya tundu. Wakaleta mabamba ya chuma, wakaleta fundi wa kuchomelea na mitungi yake ya gesi, wakafunika sitaha yote, wakachomelea kila pembe. Nilimwambia luteni, "Afande, hapo katikati kuna tundu."

"La nini, ndugu yangu?"

"La mavi, afande."

Askari wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Safari hii hatuna ng'ombe." Na kweli hatukuwa na ng'ombe. Mimi mwenyewe niliona ana haki, nikaenda zangu kwenye kamba.

Wazo la pamba lilitoka kwetu wenyewe. Gatini palikuwa na marobota ya pamba kutoka Bunda yaliyokwama kwa sababu ya vita. Mtu akasema, sikumbuki nani, kwamba pamba iliyokazwa vile inazuia risasi. Tukaona ni akili. Tukayapanga marobota kuzunguka mlango wa injini, safu juu ya safu, kumkinga Mafuru, maana injini ikifa wote tumekufa. Mafuru ni mtoto wa wakulima wa pamba. Alijua, na sisi tulijua, kwamba robota likishika moto linaungua kutokea ndani, unamwaga maji juu unaona limezima, kumbe ndani linaendelea kula. Nilimtajia hilo.

"Bora moshi kuliko risasi," akasema. "Panga, shemeji, panga. Naona mnanijengea nyumba."

Walikuwa wanakaa Kamunyonge, chumba kimoja, yeye na dada yangu Nyangeta. Nyangeta alikuwa na mimba ya kwanza, kubwa. Alikuja gatini na sato wa kukaanga kwenye kikapu, akampa mumewe kikapu bila maneno mengi, kisha akanivuta mimi kando. Dada yangu si mtu wa kulia. Alinishika mkono, akaubana mpaka ukauma. "Kaka, wewe ndiye uliyemleta kwetu. Nirudishie mume wangu." Nikasema nitamrudisha. Ungesema nini?

Tukaondoka giza likiwa bado halijatoka vizuri. Ziwa lilikuwa tulivu. Helikopta imekaa katikati imefungwa kamba pande zote, mapipa ya mafuta yamepangwa nyuma, askari wamelala penye nafasi. Wengine hawakuwahi kuona maji mengi hivyo, wanatapika huku wanaomba Mungu. Luteni aliuliza kisiwa hiki kinaitwaje, kile kinaitwaje, akawa anavitaja kwa kujifunza. Jua likapanda. Mpishi wetu, Chacha, akachemsha chai.

Ndege ilitokea upande wa jua.

Nilidhani ni yetu. Kila mtu alidhani ni yetu. Askari mmoja alipunga kofia.

Risasi zilifika kabla sijaelewa ile sauti ni ya nini. Zilipita sitahani kutoka mbele kwenda nyuma. Birika la Chacha likaviringika mpaka miguuni kwangu, nikaliokota, nikageuka nimpe. Chacha alikuwa amelala kifudifudi.

Ndege ikageuka.

Wambura akagonga moja, moja, moja. Mbele, mbele, mbele. Chini Mafuru akajibu, na injini ikanguruma kuliko nilivyowahi kuisikia.

Bomu halikutupiga. Lilianguka majini, karibu na mbele. Meli ikainuka, ikakaa hewani, ikashuka, na mimi nikashuka nikiwa nimelala. Masikioni hakuna kitu. Nikaona midomo ya watu inafunguka.

Kisha pipa moja la mafuta likawaka.

Moto ulikwenda nyuma, kwenye pamba. Ulikwenda kwenye ile nyumba tuliyomjengea Mafuru.

Ndege haikurudi mara ya tatu. Labda iliona imemaliza, na mtu yeyote angedhani imemaliza. Mbele, penye mlango wa kuingizia ng'ombe, palikuwa pamejikunja na kupasuka, maji yanaingia kwenye tumbo la ng'ombe. Nyuma panawaka. Askari kadhaa waliruka ziwani, wengine tuliwavuta kwa kamba, wengine hatukuwaona tena. Helikopta ilikuwa inavuja mafuta, yanatiririka juu ya yale mabamba mapya kwenda upande wa moto.

Wambura akamwambia luteni, "Isukumeni majini."

Luteni akasema, "Nahodha, hii ni mali ya umma. Mimi nimeandikiwa niifikishe."

"Luteni, hiyo imeshakufa. Chini yako kuna mtu yuko hai."

Kijana wa watu alitutazama, akaitazama ile helikopta. Akachukua shoka mwenyewe, akaanza kukata kamba. Tukaisukuma, askari na mabaharia, ngozi za mikono zikabaki kwenye chuma cha moto. Ilizama polepole, ikageuka kidogo, ikaenda. Hakuna aliyeshangilia.

Tukaenda mbele palipopasuka. Kwetu mtumbwi ukivuja unazibwa kwa pamba, mtoto yeyote wa rasini ameshawahi kukaa juani anasokota pamba ya kuzibia. Tulichukua marobota ambayo hayajashika moto, tukayapasua, tukaitandaza pamba kwenye turubai, tukaikunja, tukaishusha kwa kamba nje ya meli mpaka kwenye ule mpasuko. Maji yenyewe yakaivuta ndani, yakaikaza. Hayakuisha, yalipungua. Kwa kiasi kile pampu ya kutoa maji ingeweza kushindana nayo, mradi inazunguka. Na pampu ilikuwa inazungushwa na injini. Na injini ilikuwa na Mafuru.

Tukaja kwa Mafuru.

Marobota yanayowaka tuliyachoma kwa fimbo za chuma, tukayavuta, tukayatupa majini, yakawa yanaelea nyuma yetu yanafuka moshi. Tulipofika mlangoni ulikuwa mwekundu chini, na umepinda, umejibana kwenye fremu yake. Tulimwagia maji, tukaupiga kwa nyundo kubwa mpaka mpini ukavunjika. Mlango haukusogea hata kidogo.

Nikakimbilia katikati. Nikapiga magoti pale ambapo tundu lilikuwa, nikapiga bamba kwa ngumi kama mwendawazimu. Luteni alikuja akapiga magoti karibu nami. Alitoa kisu cha bunduki, akaanza kukwangua ile weldi, mshono wa kuchomelea. Alikwangua, akakwangua, kisu kikakatika, akaendelea na kipande. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Wewe uliniambia." Nikainuka.

Nikaenda kwa Wambura kwenye usukani. "Gonga mbili," nikamwambia. "Simamisha injini. Tukae hapa tumtoe."

"Pampu ikisimama tunazama naye."

"Basi twende kisiwani, si kile pale!"

"Kisiwani kuna mawe na nyani, Masatu. Gesi ya kukatia chuma iko Musoma." Alikuwa hanitazami, anatazama mbele. "Nageuza Musoma."

Nilimkamata ukosi wa shati. Mzee wa umri wa baba yangu, nilimkamata shati, nikamwambia ana roho mbaya, nikamtajia na ukoo wake. Hakunitoa mkono. Akanipa nyundo.

"Usukani ni wangu," akasema. "Bomba ni lako. Gonga moja, usikie yuko. Ukichoka, gonga tena."

Nikagonga moja.

Nikangoja. Moto umezimika, moshi umebaki, injini inanguruma chini ya miguu. Kisha likaja, dogo, kutoka mbali: moja.

Alikuwa hai. Nililia hapo hapo, sikujificha. Askari mmoja akanipa maji ya kunywa.

Hivyo ndivyo tulivyorudi. Meli imeinamia mbele, inatembea kama mama aliyebeba ndoo mbili za maji. Mimi nagonga, Mafuru anajibu. Kulikuwa na bomba la kuingizia hewa ya injini, jembamba, halipiti hata kichwa cha mtoto. Tulijaribu kumpigia kelele humo, lakini injini ilimeza kila kitu. Tukafunga chupa ya maji kwenye kamba, tukaishusha. Kamba ikatikiswa. Tukaivuta, chupa ikarudi tupu. Nikamshushia kipande cha sato wa Nyangeta, kwa sababu kikapu kilikuwa kimeponea kwenye usukani. Kilirudi na mifupa. Huyo ndiye Mafuru, hata ahera angemaliza samaki.

Mchana ukawa mkali. Nikagonga, kimya.

Nikagonga tena. Kimya.

Luteni aliacha kukwangua. Wambura aliacha hata kuvuta pumzi, nadhani. Nikagonga, nikagonga, nikamwita kwa jina, nikamwita kwa jina la baba yake. Injini inaendelea tu, haina habari na mtu. Akilini nilimuona Nyangeta pale gatini na tumbo lake. Nilijiona mimi nateremka ngazi mikono mitupu.

Halafu likaja. Moja. Kisha akaongeza jingine, na jingine, ovyo ovyo, kama mtu anayegonga mlango wa choo. Tulicheka, Mungu atusamehe, maiti za watu wetu zimefunikwa turubai pembeni na sisi tunacheka.

Jua lilikuwa limeelekea Kagera tulipoiona milima ya Musoma. Wambura hakwenda gatini. Aliipeleka moja kwa moja kwenye mchanga, akasema tukifika kwenye mchanga haina pa kuzama. Meli ikapanda ufukweni kwa kishindo, wanawake waliokuwa wanafua wakakimbia na nguo zao.

Nikagonga mbili. Simama, kazi imekwisha.

Hakujibu. Injini ikaendelea, panga linalosukuma meli linachimba mchanga. Nikagonga mbili tena, kwa nguvu zangu zote. Na injini ikakohoa, ikanyamaza. Kisha lile bomba likajibu: mbili.

Wakaleta mitungi ya gesi. Fundi alikuwa yule yule aliyechomelea. Alikata penye tundu la mavi, luteni kamshikia taa. Bamba lilipodondoka, moshi ukatoka kwanza, na harufu ya ng'ombe, ile ya zamani, haikutoka siku zote zile. Tukashuka. Tukapita kile kimlango. Mafuru alikuwa amesimama kwenye maji ya magotini, amekumbatia lile bomba, paji la uso ameliegemeza kwenye chuma. Nilimshika bega. Akageuka, macho mekundu kama pilipili, akasema kwa sauti kubwa mno:

"Mbona mmenyamaza?"

Nikamwambia hatujanyamaza, tumefika. Akatazama midomo yangu.

"Mbona mmenyamaza?"

Hapo ndipo tulipoelewa. Alikuwa hasikii. Bomu lilichukua sehemu, na injini katika kile chumba kilichofungwa ikamaliza iliyobaki. Safari yote ile hakusikia nyundo yangu kwa sikio hata mara moja. Alikuwa ameliegemeza bomba kwenye paji la uso, anasikia kwa mfupa. Pale tulipokosa jibu, alisema baadaye, pampu ilikuwa imekwama, alihitaji mikono yote miwili, akaliachia bomba.

Basi nilimpeleka Kamunyonge. Nikamwambia dada yangu, nimekurudishia. Alimpokea, akamshika uso, akamsemesha, na yeye akawa anatabasamu na kuitikia, "Ndiyo, ndiyo," kwa maneno ambayo hakuyasikia.

Mtoto alizaliwa. Mafuru hakusikia kilio chake cha kwanza wala cha mwisho, maana yule mtoto alikufa kwa homa usiku, mama yake amelala kwa uchovu, na baba yuko macho kando ya kitanda, anamtazama, haelewi kwamba anakohoa. Hilo Nyangeta aliniambia mara moja tu. Wengine waliozaliwa baadaye walikua, ndio wazazi wenu nyie, namshukuru Mungu.

Meli ilitengenezwa. Wakaipiga rangi, wakalifungua lile tundu, ikarudi kwenye ng'ombe, ikafanya kazi miaka mingi. Watu wa gati waliisifia sana, meli iliyokataa kufa, na wageni walioneshwa palipozibwa. Mafuru hakuirudia. Alijaribu siku moja, akashuka ngazi mbili za chumba cha injini, akapanda, akaenda kukaa chini ya mkokoteni wa mtu mpaka nikaja kumchukua. Mwisho ilikatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Labda ndiyo sufuria mnazopikia.

Walihamia Manyamanyama, kwenye shamba la kwao. Akajenga nyumba nzuri ya matofali, madirisha makubwa. Milango hakuweka. Fremu ziko, pazia liko, mlango hakuna. Nyangeta aligombana naye kwa ishara, akamwandikia, akaniita mimi nije nimseme. Wezi waliingia wakabeba baiskeli. Mafuru alisema, "Wameingia, na wametoka. Nyumba ndivyo inavyotakiwa iwe." Msimu wa mvua walilala wamejikunyata upande mmoja wa chumba, mkeka umelowa. Dada yangu aliishi hivyo mpaka nywele zikawa nyeupe. Mnadhani ni jambo dogo? Laleni bila mlango mwaka mmoja tu, muone.

Luteni alikuja kumtembelea mara moja, akiwa mtu mzima tayari, kitambi kimemtoka. Alileta sukari na kanga ya Nyangeta. Alikaa karibu na Mafuru kwenye kigoda, akamwambia sikioni kwa sauti kubwa, majirani wote wanasikia, "Nisamehe kwa lile tundu." Mafuru akaitikia, "Ndiyo, ndiyo," akamkaribisha viazi. Nilitaka kumwandikia Mafuru karatasini alichoambiwa. Luteni akanizuia mkono. Akala viazi, akanywa chai, akaondoka. Sijui kama alipata alichokijia.

Nyumbani pale waliongea kwa kugonga. Nyangeta akitaka aje kula, anagonga nguzo ya baraza ambayo Mafuru ameegemea, moja. Akitaka aache kulima jua limekuwa kali, anakwenda anagonga mpini wa jembe, mbili. Naye alijibu kila mara, vile vile. Hata wakiwa wamekasirikiana alijibu. Juzi mjukuu wangu mmoja alinionyesha kwenye simu meli za mataifa makubwa, zinabeba ndege mgongoni kama chawa, akaniuliza kama ni kweli na sisi Musoma tulikuwaga na yetu. Nikasema tulikuwa nayo, ilibeba ndege moja, mbovu, na haikufika.

Mafuru alikufa kwa kifua, kitandani kwake, pazia linapepea mlangoni. Nilitoka Musoma asubuhi, nikawakuta Manyamanyama wameshachimba kaburi, padri ameshafika. Jeneza lilikuwa sebuleni. Fundi seremala, na misumari mdomoni, alikuwa anangoja ruhusa ya kufunga.

Nyangeta alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha. Nilikaa karibu naye. Hakunitazama.

"Ulinirudishia, kaka," akasema. "Ulisema utanirudishia na ulinirudishia. Sikukushukuruga."

"Acha, dada."

"Niache niseme. Nilikuwa nakuchukia siku nyingine. Mvua ikinyesha ndani, nilikuwa nasema, bora wangemwacha na injini yake. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, yeye amekaa hapo, ananitabasamia." Akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Nimechoka, kaka. Nilimpenda na nimechoka."

Nilimshika mkono.

Fundi akasogea, akauliza afunge. Watu wakatutazama. Nyangeta akalitazama lile sanduku lililofungwa pande zote, mbao mpya, halina hata tundu, na nikaona nilichokiona mimi ndicho alichokiona yeye: kile chumba cha injini kilichofungwa.

"Mgongee kwanza," akaniambia. "Wewe ndiye unayejua. Mgongee ajue kwamba ni sisi."

Nikanyanyuka. Nikamwomba fundi nyundo. Padri akanyamaza, watoto wakanyamazishwa, hata waliokuwa wanapika nje walisimama. Niliinama, nikagonga ubao upande wa kichwani, pale paji la uso lingekuwa.

Mbili.

Nikangoja, kwa mazoea tu. Dada yangu naye aliweka kiganja chake juu ya ubao, akangoja. Tulingoja muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, na hakuna aliyetuharakisha. Kisha Nyangeta akatoa mkono wake, nami nikamrudishia fundi nyundo.